Kahawia Iliyokosekana

Kazini walimwita Wembe, naye wala hakuchukia. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa akikata nyama za watu. Vinyama ambavyo madaktari wa upasuaji walivitoa ghorofani vilishushwa kwake chini, kwenye maabara isiyo na dirisha, vikiwa ndani ya vikopo vya dawa. Yeye alivikausha maji, akavizamisha kwenye nta ya moto, akaviacha vigande viwe vitofali vidogo kama sabuni za hotelini. Kisha alivikata kwa mashine vipande vyembamba ambavyo ukipiga chafya tu umevipoteza. Kila kipande kilielea kidogo juu ya maji ya uvuguvugu, akakinasa kwa kioo, akakipaka rangi, akakipeleka kwa Profesa akakitazame kwenye hadubini. Waliomjua vizuri walisema jina lile halikutoka kwenye mashine, lilitoka kwenye ulimi wake.

Ulimi huo huo ulinyamaza siku moja ambayo haukutakiwa kunyamaza, na kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Profesa alikuwa na utafiti wake. Alitaka kujua ni protini zipi ndani ya uvimbe wa utumbo mpana zinazoweza kueleza kwa nini saratani ya huyu inakwenda mbio na ya yule inajikokota. Vitofali mia moja na kumi na viwili vilitolewa kabatini, vya wagonjwa waliokwisha kupasuliwa, na Wembe akaambiwa avikate upya na kuvipaka dawa maalumu. Dawa hizo ni kama mbwa wa kunusa: kila moja inaitafuta protini yake, ikiikuta inaing'ang'ania, na mahali hapo panageuka kahawia. Isipoikuta, chembe hubaki bluu.

Kati ya protini zilizotafutwa, nne zilikuwa wasahihishaji. Chembe ya mwili inapojigawa hunakili maandishi yake yote, na kunakili hakukosi makosa. Wasahihishaji hawa hupita nyuma na kurekebisha. Wakikosekana, makosa hurundikana mpaka chembe inaasi. Na kuna ukosefu mwingine, ukiuona tu, unajua kuna uwezekano mkubwa kwamba umerithiwa: mama kampa mtoto, mtoto atampa mjukuu. Sio jibu la mwisho, maana lazima damu ipimwe, lakini ni kengele.

Kitofali cha sabini na tatu kilikuwa cha mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka arobaini na sita. Wembe hakuijua sura yake, aliijua fomu yake tu. Alipokipaka dawa, wasahihishaji wawili kati ya wanne hawakuonekana. Akadhani amekosea, akarudia kazi yote tangu mwanzo. Chembe nzima za pembeni ziligeuka kahawia safi, maana yake dawa ilikuwa nzima na mkono wake ulikuwa mzima. Uvimbe wenyewe ulibaki bluu tupu, kama ukuta uliorukwa na mpaka rangi.

Alikipeleka kile kioo kwa Profesa mwenyewe, mkononi.

"Profesa, huyu mama ana watoto?"

Profesa aliinama kwenye hadubini, akatabasamu. "Safi sana. Wa nne huyu. Jedwali letu linaanza kupendeza."

"Nauliza kama ana watoto. Hii si ile ya kurithi?"

"Inawezekana. Lakini huu ni utafiti, dada, hatutibu hapa. Kwenye fomu waliyosaini imeandikwa wazi: majibu hayarudishwi."

Wembe alifungua mdomo, akaufunga. Profesa ni profesa, yeye cheti chake kilikuwa cha miaka miwili. Akarudi kwenye mashine yake, kitofali cha sabini na nne kikamngoja. Utafiti ulikamilika, makala ikachapishwa, Profesa akapanda ndege kwenda kuisoma mbele ya wenzake. Alirudi na mfuko wa kitambaa wenye nembo ya mkutano, akampa Wembe kama zawadi. Wembe akawa anabebea nyanya.

Ikapita miaka mitatu.

Jumanne moja asubuhi kikaletwa kipande kirefu cha utumbo, na fomu yake imebandikwa ubavuni. Wembe aliisoma akiwa amesimama. Mwanaume, miaka thelathini na moja, fundi wa vigae. Anatokwa damu kwenye haja kubwa kwa miezi kumi na minne. Ametibiwa amiba mara mbili, bawasiri mara tatu. Mama alifariki: saratani ya utumbo. Na jina la ukoo lilikuwa lile lile, jina refu ambalo hulikuti kila siku.

Alifanya kazi yake kwa utaratibu kama kawaida. Ilimchukua siku kadhaa, maana nta haikimbizwi. Vioo vya kwanza vilipotoka vilionyesha kwamba uvimbe ulikuwa umeutoboa ukuta wa utumbo, na tezi mbili kati ya kumi na nne za kando yake zilikuwa zimeshaingiliwa na saratani. Hapo Wembe akafungua friji, akatoa dawa zilizobaki za utafiti, akazijaribu kwanza kwenye kitofali cha zamani kuhakikisha hazijachacha, kisha akavipaka vipande vya yule fundi. Hakuna aliyemwagiza.

Wawili kati ya wanne hawakuwepo. Wawili wale wale.

Watu husema hasira hupanda kichwani. Yake ilianzia mikononi. Akauchomoa wembe wa ile mashine, akauweka mezani na kuusukuma mbali. Akavuta droo, akatoa kioo cha sabini na tatu, akakiweka pamoja na kile kipya, akapanda ngazi mbili mbili.

Profesa alikuwa anakunywa chai.

"Nimekuletea mama na mwanawe," Wembe akasema, akaviweka vile vioo juu ya karatasi zake.

"Nini hiki?"

"Huyu wa kushoto ni namba sabini na tatu. Wa nne kwenye jedwali lako lililopendeza. Huyu wa kulia ni mtoto aliyemzaa. Yuko wodini ghorofa ya tatu, tumbo lina mshono."

Profesa alivua miwani. Alitazama kioo cha kwanza, akatazama cha pili, akarudi cha kwanza. Wembe alianza kudhani mtu huyu atasema neno la maana.

"Nani amekuagiza utumie dawa za utafiti kwa mgonjwa?"

"Eti nini?"

"Hizo dawa hazijaidhinishwa kwa matibabu. Unajua hilo."

"Miaka mitatu, Profesa. Miaka mitatu iliyopita huyu fundi hakuwa ametokwa na tone la damu. Mtu mmoja tu angemwambia nenda ukaingizwe kamera ya utumbo, labda kingekutwa kijinyama kidogo, kikakatwa, akarudi kazini kesho yake."

"Huwezi kulijua hilo."

"Kweli, siwezi. Na sasa hakuna atakayelijua."

"Dada, kuna kanuni. Fomu waliyosaini..."

"Fomu aliiandika nani?"

Profesa akairudisha miwani machoni. Fomu aliiandika yeye.

"Waliokosa kahawia walikuwa wangapi, jumla?"

"Sita."

"Wana watoto wangapi?"

"Hatukukusanya taarifa hizo."

"Mlikusanya umri wao, uzito wao, mpaka wanaovuta sigara mkawajua. Watoto ndio waliowashinda kuhesabu?"

"Punguza sauti."

"Nilipunguza miaka mitatu iliyopita," Wembe akasema, "na umeona faida yake." Akavikusanya vioo vyake, akashuka.

Alipofika nyumbani jioni alianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Mumewe alikuwa amefariki zamani, na mama mkwe wake alikataa kuhama. Wakabaki wawili, wakigombana kila siku na kutotengana hata siku moja. Bibi huyo alikaa kwenye kigoda chake cha plastiki, akamtazama akisugua sufuria ile ile kwa mara ya tatu.

"Mwanangu, hiyo sufuria imekukosea nini?"

Wembe akamweleza, huku povu likimtiririka viwikoni. Alipomaliza, bibi akatikisa kichwa. "Wahenga walisema hasira hasara."

"Hasara ilishatangulia, mama. Hasira ndiyo iliyochelewa."

"Basi kama imechelewa isilale jikoni kwangu. Ipeleke inakotakiwa." Kisha akasema kwa sauti ya chini, na kwake sauti ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Na wewe usijifanye mikono mitupu. Rangi uliiona. Profesa alibeba upande mmoja wa gogo, upande wa pili ulibeba wewe."

Wembe aliiweka sufuria chini, akaenda kukaa kitandani na viatu vyake miguuni. Alimkasirikia bibi mpaka alipotambua kwamba hana la kumkasirikia, na hilo likamuudhi zaidi.

Kesho yake, saa ya wageni, alipanda wodini. Katika miaka yote ile hakuwahi kufika pale. Watu walimfikia vipande vipande na hakuwahi kumwona mmoja aliyekamilika. Fundi alikuwa kitanda cha mwisho kando ya dirisha, mtu mrefu aliyekonda, magoti yake yana sugu nene kama nyayo kwa sababu ya kutambaa sakafuni na vigae. Pembeni yake alikaa dada yake mkubwa, msusi wa nywele, vidole vyake haviwezi kutulia. Alikuwa anasuka pindo la shuka bila kujua.

Wembe alijitambulisha, akavuta kiti, akasema yote. Alieleza uvimbe wa mama yao ulikutwaje, ni nini kilichokosekana, na kwamba huenda ni kitu cha kurithi. Hakusema "walijua." Alisema "tulijua."

Fundi alisikiliza akiangalia dari.

"Rudia hapo," akasema. "Mlijua lini?"

"Miaka mitatu iliyopita."

"Mama alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Wewe mwenyewe uliona? Kwa macho yako?"

"Mimi ndiye niliyeona kwanza."

Fundi akajaribu kukaa, mshono ukamvuta, akarudi kwenye mto huku meno yameumana. "Mara tano nimekwenda zahanati. Tano! Nikaambiwa amiba. Nikaambiwa bawasiri, kula mboga za majani. Nimekula majani mpaka watoto wangu wakaniita mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyevaa glovu akanipima kwa kidole. Nikasema labda basi, hawa hawajui, wasiojua hawana lawama. Kumbe kuna mtu anajua! Yuko humu humu, chini ya hili jengo, anakwenda chai saa nne, anarudi, na anajua!"

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli! Niambie kwa nini!"

Wembe alikuwa na majibu yake: fomu, cheo, cheti cha miaka miwili. Aliyapima kichwani, akaona hakuna hata moja linaloweza kusimama mbele ya mtu huyu.

"Nilimwogopa bosi," akasema. "Basi. Hakuna lingine."

Fundi alimtazama kwa mara ya kwanza. "Toka hapa," akasema. "Mama, nakuheshimu, una umri wa mama yangu. Toka kabla sijasema lingine."

Msusi alimfuata mpaka kwenye korido. Wembe alidhani anakuja kumpiga, na alikuwa tayari kupigwa. Lakini yule dada alisimama mbele yake, amekunja mikono. "Mimi na wadogo zangu wawili," akasema. "Tufanye nini? Leo. Sio mwezi ujao."

Wembe akamshika mkono, wakashuka pamoja mpaka kwa daktari aliyempasua fundi, mwanamke mfupi mwenye haraka ambaye hakuwa na tabia ya kukaa. Siku hiyo alikaa, akasikiliza kisa chote. Alivitazama vioo vyote viwili, ambavyo Wembe alikuwa navyo mfukoni, kwenye mwanga wa taa, ingawa bila hadubini hakuna kinachoonekana, kisha akauliza swali moja: "Hili jedwali la watu sita liko wapi?"

"Kwa Profesa."

"Sasa hivi halitakuwa kwake peke yake."

Barua ya onyo ilimfikia Wembe wiki iliyofuata. Ilimtuhumu kwa kutumia dawa bila kibali na kutoa siri za maabara kwa mtu asiyehusika. Neno "asiyehusika" alilisoma mara nyingi. Akaitwa kwenye kikao, meza ndefu, watu saba, maji ya chupa. Profesa aliongea kwa upole, na kwa kweli hakuwa akidanganya: kanuni zilikuwepo, fomu zilikuwepo, dawa hazikuidhinishwa. Mwenyekiti akamwuliza Wembe kama ana la kusema.

"Ninalo. Mmeniandikia kwamba nimempa siri mtu asiyehusika. Ule uvimbe ulikuwa tumboni mwake. Sasa naomba mnieleze, katika chumba hiki, anayehusika ni nani?"

Mtu mmoja akakohoa. Daktari wa upasuaji, aliyekuwa amesimama ukutani, akasema, "Mimi nasubiri jibu pia. Na nikishajibiwa, nataka majina ya wale sita."

Kilichofuata si ushindi wa kupigiwa vigelegele. Onyo la Wembe halikufutwa, bado limo kwenye faili lake. Profesa hakuguswa. Lakini kikao kiliamua kwamba zile familia sita zijulishwe, na kwamba kuanzia hapo fomu iseme wazi kuwa kikionekana kitu cha hatari kwa familia, familia itaambiwa. Profesa mwenyewe ndiye aliyeandika sentensi hiyo mpya. Aliiandika vizuri. Wembe alipoisoma alitaka kuichana, kwa sababu ilikuwa fupi mno. Mistari miwili tu. Ingeweza kuandikwa tangu mwanzo.

Damu ya fundi na ya ndugu zake ilipelekwa kupimwa mbali, majibu yakakaa wiki tisa. Mdogo wao wa mwisho hakuwa amerithi. Wa kati alikuwa amerithi, ila utumbo wake ulikuwa safi, akaambiwa awe anarudi kila mwaka. Msusi alirithi pia, na kamera ilipoingia ilikuta vinyama vitatu, kimoja kimeshaanza kubadilika tabia. Vikakatwa siku ile ile. Vililetwa maabara kwenye kikopo kidogo, Wembe akavikata mwenyewe, na alipomaliza alikwenda chooni akafunga mlango na kulia kwa hasira. Furaha haikuwamo. Kile kijinyama kilichoanza kubadilika kilikuwa na ukubwa wa punje ya mahindi. Miaka mitatu nyuma, cha fundi huenda kilikuwa hivyo hivyo.

Fundi alimaliza dawa zake baada ya miezi sita. Alirudi kwenye vigae, anafanya nusu siku, anapumzika nusu. Madaktari walimwambia wataendelea kumtazama, na kwamba hakuna wa kumwahidi kitu. Wembe alikutana naye mara mbili kwenye lango la hospitali. Mara zote mbili fundi alimwona, akageuza uso, akapita. Wembe hakumlaumu, wala hakumkimbilia kumwomba radhi mbele za watu. Aliona kuomba msamaha kwa nguvu ni kumwongezea mtu kazi.

Na zile barua sita? Ziliandikwa, zikakaa mezani kwa mkubwa mmoja zikisubiri sahihi. Wiki ya kwanza mkubwa alikuwa safarini. Ya tatu akawa kwenye semina. Ya saba Wembe aliingia ofisini mwake akiwa na koti la kazi, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema hatatoka. Katibu muhtasi alimwambia mkubwa ana shughuli. "Na mimi nina shughuli," Wembe akasema. "Shughuli yangu ni kukaa hapa." Zilisainiwa kabla ya chakula cha mchana. Hakuzipeleka posta, maana aliona zimeshachelewa vya kutosha. Alizipeleka mwenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi, pamoja na muuguzi wa wodi aliyejitolea kumsindikiza.

Ya fundi na ndugu zake ilikuwa ya kutimiza utaratibu tu, wao walishajua. Nyumba ya pili walimshukuru mpaka akaona haya. Ya tatu mgonjwa mwenyewe alikuwa hai na mzima, akacheka, akasema alijua tu kuna kitu, kwao watu wanakufa matumbo tangu babu. Ya nne walikuwa wamehama, ikabidi watafutwe kwa simu za majirani. Ya tano mama mwenye nyumba aliipokea barua, akaikunja bila kuifungua, akawaambia kwaheri.

Nyumba ya sita ilikuwa mtaa wa mafundi magari, mlango wa chuma, ua uliofagiliwa vizuri. Baba mtu mzima mwenye mikono ya grisi alitoka, akasoma barua yote akiwa amesimama, midomo ikitembea taratibu. Alipofika mwisho akarudi mwanzo.

"Mke wangu ndiye huyu, namba kumi na tisa?"

"Ndiyo, baba. Pole."

"Alituachia watoto watano." Aliikunja barua mara mbili. "Binti yangu wa pili tumemzika mwezi wa nne uliopita. Miaka ishirini na tisa. Tumbo. Tulipomfikisha kwenu tuliambiwa tumechelewa. Mmoja wenu alinifokea kabisa, akaniuliza nilikuwa wapi siku zote."

Muuguzi akaangalia chini. Wembe hakuangalia chini. Alijilazimisha kumtazama yule mzee usoni, na alihisi kitu kikimpanda kutoka miguuni, kizito, cha moto, hakina pa kutokea. Alitaka kumtaja Profesa. Alitaka kumtaja yule mkubwa wa semina, kila wiki na udhuru wake. Badala yake akasema, "Hamkuchelewa nyinyi, baba. Tuliochelewa ni sisi. Kioo cha mama yao nilikipaka rangi kwa mkono huu."

Mzee hakufoka. Ingekuwa nafuu kama angefoka. Aligeukia ndani ya nyumba na kuwaita watoto wake waliobaki, mmoja mmoja, kwa sauti iliyokuwa ikipanda kila jina, mpaka wote wanne wakatoka wakasimama uani, watu wazima wawili na vijana wawili, hawajui kuna nini. Akavuta benchi, akamwonyesha Wembe akae.

"Haya, mama," akasema, na sasa sauti ilikuwa inamtetemeka kwa ghadhabu. "Anza mwanzo. Usiruke kitu. Na usitumie maneno ya hospitali."

Wembe akakaa, akaanza.